Kabla ya safari ndefu, tushike kle wenyewe



Mu namba hii hatutaongea juu ya mbegu wala mbolea. Tutaongea juu ya moto, ile pikipiki yenye inalala ku depo ya kooperative na yenye kila mutu anaiita "yetu" wakati inatembea, na "yao" wakati imeharibika. Wengine watauliza: agronome na kle ya 14 wanakutana wapi? Wanakutana barabarani, na sisi tulikutana nayo vibaya. Tuanzie hapo.

Ilikuwa mwanzo wa msimu A, mwezi wa tisa. Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili kwa milima ya Walungu. Mama wa kooperative moja tunayofuatilia walikuwa wamekwisha kupandisha matuta na walingojea kamba za viazi vitamu, zile za viazi vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Kule juu kiangazi kilikuwa kimekausha karibu kamba zote. Lakini chini, mu bonde la Ruzizi, upande wa Luvungi, mashamba yanapata maji ya mifereji na kamba zilikuwa kijani. Tukapatana hivi: sisi wawili tutashuka asubuhi na moto ya mradi, tutakata kamba, tutapanda nazo siku ile ile, na kesho yake mama watapanda.

Jioni ya mbele ya safari, mekanisiye alivalisha moto sheni mupya. Sisi tulikuwa tumesimama pembeni na telefone mkononi. Tukamuuliza: "Papa, iko sawa?" Akajibu: "Iko sawa, agronome, muende tu." Tukalipa, tukaenda kulala.

Kushuka Ngomo hakukuwa na neno. Luvungi tulipokelewa vizuri, tukakata kamba, tukajaza mifuko tatu, tukafunga. Wakati wa kupanda mulima, kwa kona moja yenye mawe, tukasikia "tak", moteri ikalia sana na moto ikasimama. Sheni ilikuwa imelala nyuma yetu mu vumbi kama nyoka aliyekufa. Haikuwa imekatika. Kilichopotea ni atashi, kile kifungo kidogo chenye kinashika kiungo cha sheni, kitu cha bei ndogo kuliko chupa ya limonade. Hatukuwa na atashi ingine. Hatukuwa na pinsi. Hatukuwa hata na waya. Wamotari wengi walisimama, maana njiani watu wanasaidiana, lakini hakuna aliyekuwa na atashi ya kipimo chetu. Jua likazama. Tukalala kwa mzee mmoja aliyetuhurumia, mifuko ikiwa imeegemea ukuta.

Atashi ilifika kesho yake saa sita ya muchana, imeletwa na motari kutoka Nyangezi. Tulipofungua mifuko, ndani kulikuwa moto kama tumbo la kompositi. Majani yalikuwa manjano, mengine yanateleza mukononi. Tulipofika kwa kooperative, mama prezida aliangalia mufuko wa kwanza, akatuangalia, akasema: "Agronome, hii munatuletea ni matembele ya kupika ao ni mbegu?" Wote wakacheka, na sisi tukacheka, lakini tulijua si kicheko. Zaidi ya nusu tulitupa. Matuta yaliyobaki yalipandwa majuma mawili baadaye, na mvua haikungojea mutu.

Yule motari aliyetuletea atashi njo alitufundisha kitu ambacho hata mu masomo ya agronomia hatukukisikia. Atashi iko na upande uliofungwa na upande wenye mudomo wazi. Upande uliofungwa unapashwa kuangalia kule sheni inaelekea. Ukiiweka kinyume, kitu kikiigusa ao jiwe likiipiga, mudomo unafunguka na atashi inaruka. Yetu ilikuwa imewekwa namna gani? Hatuwezi kusema, juu ilipotea. Lakini tunajua vizuri kwamba hatukuangalia. Ingekuwa ni nukta moja ya macho na kidole kimoja.

Maoni yetu

Mutu mwenye ataendesha moto kwa safari ndefu apashwe kuikagua mwenyewe, kwa mikono yake, jioni ya mbele ya safari. Asiseme tu "mekanisiye ameiona". Na kooperative iweke jambo hilo kuwa sheria, sawasawa na vile hakuna mutu anatoa makuta ya keshi bila kuandika mu kitabu.

Safari ndefu kwetu haihesabiwi kwa kilometa peke yake. Ni kila safari yenye utapita mahali ambapo ukiharibikiwa, hakuna garaji karibu. Kutoka Miti kwenda Bunyakiri unapita mu pori la Parke ya Kahuzi-Biega. Hapo kilometa kumi zinaweza kuwa ndefu kuliko hamsini za barabara yenye vijiji. Kupanda na kushuka Ngomo ni vilevile.

Sisi maagronome tunawaambia kila mwaka: mbele ya kupanda, jaribu mbegu. Hesabu punje 100 za maharage, ziweke mu kitambaa chenye maji ao mu mchanga, ngoja siku saba ao nane, hesabu zilizoota. Zikiota 90, panda. Zikiota 50, usipande hivyo hivyo, tafuta mbegu ingine ao ongeza kiasi. Hakuna mukulima mwenye akili anaamini mufuko kwa sababu muuzaji alisema "iko nzuri". Sasa mbona moto tunaiamini kwa neno moja la mutu mwingine? Moto inabeba mbegu ile ile. Inabeba cheri za kahawa, zenye zinapashwa kufika ku stesheni ya kuosha na kumenywa siku ile ile zilipovunwa, la sivyo zinachacha na bei inaanguka. Inabeba makuta ya mauzo ya pamoja. Na usiku, munajua, ni moto hiyo hiyo inabeba mama mwenye uchungu kwenda ku sentre ya afya. Sheni ikitoka saa hiyo, hatutupi kamba za viazi.

Saa moja ya jioni

Kazi tunayoomba haipiti saa moja. Osha kwanza moto, juu matope yanaficha ekru iliyolegea na mafuta yanayovuja. Isimamishe ku stande ya katikati, mahali pa sawa, mwanga ungali upo. Kisha fuata njia moja kila mara, kutoka mbele kwenda nyuma, ili usisahau kitu.

Magurudumu. Shika gurudumu la mbele juu na chini, litikise. Likicheza, rulema zimechoka, na hiyo si ya kufunga na waya. Piga kila spoki na kle ndogo: ile iliyokaza inalia, ile iliyolegea inajibu kama kuni bichi. Pitisha mukono ku mpira kutafuta misumari na mipasuko. Pima hewa wakati mpira ungali baridi. Kwa moto nyingi za 125, hewa ni karibu bari 1,75 mbele na bari 2 nyuma ukiwa peke yako. Ukibeba mutu ao muzigo, ya nyuma inaongezwa. Namba kamili ya moto yako iko mu kitabu chake, mara nyingi hata ku karatasi ndogo yenye imebandikwa karibu na sheni.

Freni. Finya ya mbele, kanyaga ya nyuma, kila moja peke yake, huku unasukuma moto. Kwa freni ya ngoma, moto nyingi ziko na mushale mudogo na alama pembeni ya ngoma: ukikanyaga na mushale ufike ku alama, matambaa ya freni imekwisha. Badilisha mbele ya safari. Mutu atakayeshuka kutoka milima ya Bukavu mpaka Kamanyola anashuka karibu metre 500 na zaidi, na freni yenye imechoka itapata moto njiani na kuacha kushika. Tuseme na hii: kuko wamotari wanashuka Ngomo na moteri imezimwa, eti kuchunga esansi. Usifanye hivyo. Moteri yenye iko mu vitesi ya pili ni freni ya tatu yenye haichoki, na matone ya esansi unayochunga hayatalipa mufupa.

Kable. Angalia kable ya ambrayaji na ya akseleratere pale zinapoingia ku mukono. Waya moja tu ikikatika, zingine zitafuata, na zitachagua mahali pabaya. Weka matone ya mafuta ndani. Mukono wa ambrayaji uwe na mucheko wa karibu sentimita 1 mbele ya kuanza kuvuta. Ukiwa umekaza sana, ambrayaji itateleza na kuungua ku mulima.

Mafuta ya moteri. Washa moteri dakika chache, zima, ngoja kidogo mafuta yashuke, moto ikiwa imesimama wima. Kama ni kijiti, kifute, kirudishe, angalia kati ya alama mbili. Kama ni dirisha ndogo, angalia tu. Mafuta nyeusi sana yenye haina uzito mu vidole imekwisha kazi. Kwa vumbi na matope ya hapa, sisi tunafanya vidanji kila kilometa 1500, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi. Na moto hizi nyingi zinakula karibu lita 1 tu. Kwa wale wangali na Yamaha AG 100 ya zamani: hiyo ni ya viharusi viwili, iko na tangi yake ya mafuta ya kuchanganyika na esansi. Tangi hiyo ikikauka, moteri inafunga.

Filtre ya hewa. Mu kiangazi hiyo njo inakufa ya kwanza. Ya sponji inaoshwa na maji ya sabuni, inakamuliwa bila kusokotwa, inakauka kivulini, inapakwa mafuta kidogo, inakamuliwa tena. Ya karatasi haioshwi: inapigwa-pigwa pole vumbi itoke, ikizidi uchafu inabadilishwa. Usitembee bila filtre hata siku moja. Vumbi la Kivu ni mawe madogo, na linasaga moteri kama kisagio cha mihogo.

Bujie. Fungua wakati moteri imepoa. Rangi yake inaongea. Ikiwa kama kahawa na maziwa, moteri inakula vizuri. Ikiwa nyeusi na masizi makavu, esansi imezidi ao filtre imeziba. Ikiwa na mafuta mabichi, moteri inakunywa mafuta yake, mwite mekanisiye. Ikiwa nyeupe, moteri inapata moto kupita kiasi, na hapo pia mwite mekanisiye. Isafishe, pima nafasi yake kufuatana na kitabu, mara nyingi ni karibu milimita 0,7. Wakati wa kuirudisha, anza na vidole peke yake mpaka izunguke vizuri, kisha njo ushike kle. Wenye kuanza na kle wanaharibu meno ya aluminiamu, na hiyo ni hasara kubwa.

Esansi. Ya kadafi inaweza kuwa na maji ao mafuta ya taa. Mimina kidogo mu chupa nyeupe, iweke chini dakika kumi. Maji ni mazito kuliko esansi, yatalala chini na utaona mustari. Kama esansi yenye maji imekwisha kuingia, kuko skru ndogo chini ya karburateri ya kumwaga kilichokaa pale. Ijue mbele ya safari, usiitafute usiku mu mvua.

Sheni. Tuliiacha ya mwisho kwa sababu ni yetu. Sukuma sheni ya chini, katikati, juu na chini: icheze kama sentimita 2 mpaka 3. Zungusha gurudumu na upime tena mahali pengine, maana sheni iliyochakaa inakaza upande mmoja na kulegea upande mwingine. Iliyokaza sana ni mbaya kuliko iliyolegea kidogo, maana ukipakia muzigo inakaza tena. Ukivuta gurudumu nyuma, alama za kushoto na kuume ziwe sawa, kisha funga ekru kubwa na pima tena. Na hii wengi wanaisahau: ukisogeza gurudumu, freni ya nyuma nayo inakaza. Ifungue kidogo, hakikisha gurudumu linazunguka bila kushikwa na taa ya nyuma haibaki inawaka. Pakaa mafuta safi. Mafuta ya vidanji ya zamani iko na vipande vidogo vya chuma, na grisi nzito inashika muchanga. Kisha tafuta atashi, iangalie. Upande uliofungwa uangalie kule sheni inaelekea.

Mwisho, pitisha kle ku ekru zote zenye unaona: za portibagaji, za giboni ya moshi, za sahani ya mukono. Barabara zetu zinafungua ekru zaidi ya fundi. Washa taa zote. Piga honi. Fanya mutembeo wa kilometa moja, rudi, gusa magurudumu: kama moja imepata moto, freni inashika.

Kifuko kidogo

Kila moto ya kooperative iwe na kifuko kimoja chini ya kiti ao ku portibagaji: kle za vipimo vya moto hiyo, kle ya bujie, pinsi, turnevisi, bujie moja, atashi mbili, kable moja ya ambrayaji, mpira wa ndani, rustini na kola, pompi ya mukono, metre mbili za waya, toshi. Vitu hivi vyote pamoja havifiki uzito wa kilo tano za maharage. Mwenye kutumia kitu mu kifuko aandike na akirudishe. Kifuko chenye kila mutu anakopa bila kuandika ni sawa na hakuna kifuko.

Yale ya kuachia mekanisiye

Hatusemi kila mutu afungue moteri. Soupape, segmenti, sahani za ambrayaji, rulema, mambo ya ndani ya karburateri, waya za umeme zenye zimeungua: hizo ni kazi za mutu aliyejifunza. Mukulima anajua kupalilia na anajua pia siku ya kumwita veterinere. Kazi yetu sisi wenye kuendesha ni kuona mapema, ili mekanisiye apewe kazi siku mbili mbele ya safari, mu garaji yake, na piesi yenye amechagua. Tusimwite saa kumi na moja ya asubuhi huku muzigo umekwisha kufungwa.

Wenye kukataa wanasema nini

Tumeongea maneno haya mu mikutano mbalimbali, na kila mara kuko wanaosimama kukataa. Tuwajibu kwa heshima.

Wa kwanza anasema: "Mukifanya hivyo, mekanisiye atakula nini?" Mekanisiye muzuri hapendi kukaza ekru za bure. Anapenda mutu anayekuja na kumuambia: "Rulema ya mbele inacheza." Huyo anajua alichokuja nacho, na hawataanza kubishana juu ya bei wala juu ya nani aliharibu. Tena, barabara hizi hazitamukosesha kazi.

Wa pili anasema: "Moto si yangu, ni ya kooperative. Mimi ni motari tu, nitapoteza jioni yangu kwa nini?" Huyu anasema kweli, na kosa si lake peke yake. Kama kooperative inamulipa kwa safari na haimulipi kwa ukaguzi, inamufundisha kukimbia. Sisi tunaona saa ile ya jioni ihesabiwe mu kazi yake na ilipwe, hata kidogo. Ni bei ndogo kuliko siku moja ya muzigo kulala njiani.

Wa tatu anasema: "Mama hawawezi." Huyo aende kuangalia mu kooperative kadhaa za kahawa, mama njo wanatengeneza mashine ya kumenya cheri, wanakaza mikanda, wanapaka grisi. Mutu anayejua kuweka sawa mashine ya kumenya anaweza kupima sheni. Mara nyingi shida ni kwamba hakuna aliyewapa kle. Na mama mwenye anajua kukagua moto hatadanganywa na motari anayesema "moto inahitaji piesi kubwa" kila mwisho wa mwezi.

Wa ine hasemi kitu, anaangalia saa. Haraka njo ilitulaza Ngomo. Tulichunga dakika tano za jioni, tukapoteza usiku muzima na majuma mawili ya msimu.

Na sisi mashirika

Haitakuwa haki kuongea na kooperative peke yake. Miradi inaleta moto mupya, kunapigwa picha, kuna hotuba, funguo inapewa mama prezida. Kitabu cha moto kinabaki mu biro, mara nyingi kimeandikwa kwa luga yenye wanamemba hawasomi. Hakuna kifuko cha kle, hakuna siku hata moja ya mafunzo, hakuna mustari wa vidanji mu bajeti. Kisha baada ya mwaka mbili tunaandika mu rapoti kwamba "kooperative haikutunza vifaa". Sisi wenyewe tumeandika mustari huo. Tulikuwa na biro yenye mekanisiye wake, hatukuwahi kushika kle, na tulihukumu watu ambao hatukuwafundisha.

Kwa hiyo tunaomba mashirika, letu likiwa la kwanza: moto isitolewe bila kifuko chake, bila siku moja ya mafunzo ya mikono kwa wanamemba wanne, wawili wao mama, na bila karatasi ya Kiswahili ya ukurasa mmoja. Na agronome mwenye anapewa moto ya mradi afuate mafunzo yale yale pamoja nao, mu mavumbi yale yale.

Tunapendekeza

Mbele ya msimu unaokuja, kila kooperative ifanye mambo matatu.

Moja, ifungue kaye ya moto. Ukurasa mmoja kwa kila safari ndefu: tarehe, kilometa, nani alikagua, nini aliona, nini kilibadilishwa, na sahihi yake. Bila sahihi ya jioni, funguo haitoki asubuhi.

Mbili, kila safari iache makuta kidogo mu sanduku la matunzo, kiasi chenye mukutano utakubali. Makuta hayo yasiguswe kwa kilio wala kwa ndoa. Ni ya vidanji, sheni na mipira.

Tatu, ichague Siku ya Posho moja mu mwezi, siku ya salongo, moto zote zioshwe na kufunguliwa pamoja mbele ya depo. Vijana waalikwe, mama waalikwe, mekanisiye wa kijiji aitwe afundishe na alipwe. Kule tulikoona kitu kama hicho kikianza, wazee walikuja kuangalia kwa kucheka, na mwezi uliofuata walileta baiskeli zao.

Wale mama wa Walungu walitupokea tena msimu uliofuata. Tulishuka Luvungi, tukakata kamba, tukazifunga mu majani ya migomba mabichi badala ya mifuko iliyofungwa kabisa, tukafika jioni. Mama prezida hakuangalia mifuko kwanza. Alizunguka moto, akainama, akatafuta atashi ya sheni, akaiangalia. Kisha akasema: "Sasa mushushe."

Tunawatakia msimu muzuri na safari zenye kufika. Mukiwa na kaye ya moto yenye imekwisha kujaa kurasa kumi, mutuletee siku ya mukutano, tuisome pamoja.